Nikilipia kaboni kwenye tiketi, ndege itachafua hewa kidogo?

*"Shikamoo mtaalamu. Mwezi wa nane nasafiri kwenda Amsterdam kumwona dada yangu aliyejifungua. Nilipokuwa nakata tiketi mtandaoni nilikutana na kisanduku kinachoniuliza kama nataka kuongeza pesa kidogo ya 'kufidia kaboni' ya safari yangu. Nikasita. Nakumbuka mwaka 2023 tulitangaziwa kwamba Kenya Airways imerusha ndege hadi huko huko Amsterdam kwa mafuta ya ndege yaliyotokana na mabaki, kama mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika. Mume wangu anasema hicho ni kiini macho, moshi ni moshi. Rafiki yangu anasema kwa mafuta hayo mapya ndege haitoi tena hewa chafu. Juu ya hayo, mjomba wangu kule Makueni amefuatwa na mawakala wanaotaka apande mbarika kwenye ekari mbili anazolima ndengu, eti zitakuwa mafuta ya ndege. Nani anasema kweli? Nilipe au nisilipe? Na mjomba nimwambie nini?"*

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kupata mtoto. Wewe unaombwa pesa, mjomba anaombwa shamba, na anayeomba kote kuwili anatoa sababu ile ile, kwamba hewa itasafika. Una haki ya kuuliza itasafikaje. Maisha yangu ya kazi yamekwisha kwenye karakana za ndege na baadaye kwenye hesabu za mafuta, kwa hiyo nitakujibu kama fundi. Matangazo umeshayasikia ya kutosha.

Mumeo na rafikiyo kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Mumeo yuko sawa kwamba hakuna mafuta ya ndege, ya zamani wala mapya, yanayoungua bila kutoa hewa ukaa. Mafuta ya kawaida ya ndege, Jet A-1, ni ndugu wa mafuta ya taa, na katika kila kilo moja kuna takriban gramu 860 za kaboni. Yakiungua, kaboni hiyo hushikana na oksijeni ya hewani, na kilo moja ya mafuta huzaa kilo 3.16 za hewa ukaa. Watu hushangaa moshi kuwa mzito kuliko mafuta yaliyouzaa. Uzito huo wa ziada haukuwa tangini, ni oksijeni iliyochukuliwa njiani. Mafuta ya mabaki ya kupikia nayo yakiungua hutoa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Ukisimama nyuma ya injini na kipimo, hutaona tofauti ya maana.

Tuiweke kwenye safari yako. Kutoka Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,650 hivi, saa nane na ushee angani. Boeing 787-8 hutumia kama tani 40 za mafuta kwa safari hiyo, ambazo ni tani 126 hivi za hewa ukaa. Ndege za Kenya Airways za aina hiyo zina viti 234. Zikijaa, mgao wako ni zaidi kidogo ya nusu tani kwa kwenda tu. Haya ni makadirio. Upepo hubadilisha hesabu, na mzigo wa tumboni pia: ndege za Amsterdam hubeba maua yetu, na maua nayo yana mgao wake. Lakini ukubwa wa jambo ndio huo, na utakusaidia baadaye tukifika kwenye kile kisanduku.

Sasa rafikiyo. Yeye amesikia kitu cha kweli akakivuta kupita kiasi. Faida ya mafuta haya iko kule kaboni ilikotoka. Kaboni ya Jet A-1 ilikuwa imefukiwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, na ukiichoma umeongeza mgeni angani ambaye hataondoka karibuni. Kaboni ya mafuta ya kupikia ilikuwa hewani msimu wa juzi tu, alizeti au soya ikaivuta, mtu akakaangia viazi, na sasa inarudi ilikotoka. Hata hivyo kurudi kwake kuna gharama: kuna lori la kukusanya, meli ya kusafirisha, na kiwanda chenye njaa kubwa ya nishati. CORSIA, ule mpango wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, wa kudhibiti hewa ukaa ya ndege, unapiga hesabu nzima hiyo. Jet A-1 inapewa gramu 89 za hewa ukaa kwa kila megajuli ya nishati, na mafuta ya ndege yaliyotokana na mabaki ya kupikia yanapewa gramu 13.9. Huo ni upungufu wa asilimia 84, si mia. Na kwenye jedwali hilo hilo, mafuta ya mawese kutoka vinu vinavyoacha maji taka yao kwenye mabwawa ya wazi yanavuka zile 89, yaani ni afadhali ungechoma mafuta ya ardhini. Ukisikia "mafuta ya mimea", usipige makofi kabla hujauliza ni mimea gani na shamba lile lilikuwa nini kabla ya kulimwa.

Kuhusu ile safari ya 2023, haikuwa kiini macho. Tarehe 25 Mei mwaka huo, ndege ya Kenya Airways aina ya Dreamliner, yaani ile Boeing 787, iliondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta kwenda Schiphol, uwanja wa Amsterdam, ikiwa na mafuta endelevu, kama yanavyoitwa haya mapya, kutoka kampuni ya Eni ya Italia, yakiwa yamechanganywa na Jet A-1. Sehemu ya kibayolojia ilitoka kiwanda cha Gela, Sicily, ikamaliziwa Livorno. Utengenezaji wenyewe ni hivi: mafuta hupikwa pamoja na hidrojeni kwenye joto kali na mgandamizo mkubwa hadi oksijeni iliyomo itoke, kisha minyororo mirefu ya kaboni hukatwa na kupindwa ili mafuta yasigande kwenye baridi ya juu. Jet A-1 haitakiwi kuganda kabla ya nyuzi 47 chini ya sifuri, na haya lazima yafuate sharti hilo hilo. Kinachopatikana mwishoni ni mafuta ya ndege kamili, rubani hawezi kuyatofautisha.

Kwa nini yalichanganywa? Kanuni za sasa zinaruhusu mchanganyiko usiozidi nusu kwa nusu. Sababu mojawapo ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Jet A-1 ina kemikali ziitwazo aromatiki, ambazo huvimbisha kidogo raba za kuzuia mvujo kwenye mfumo wa mafuta, na raba zilizozoea kuvimba zikikosa aromatiki hunywea na kuanza kudondosha. Mafuta mapya hayana aromatiki. Virgin Atlantic iliporusha Boeing 787 kutoka London hadi New York tarehe 28 Novemba 2023 bila tone la mafuta ya ardhini, ilihitaji kibali maalumu, na sehemu ya mafuta yale ilikuwa aromatiki iliyotengenezwa kwa mimea.

Tatizo la mafuta haya ni uchache na bei. Kwa takwimu za chama cha mashirika ya ndege, IATA, mwaka 2024 dunia nzima ilitengeneza tani milioni moja hivi, ambazo ni asilimia 0.3 tu ya mafuta yote ya ndege. Bei yake ni mara mbili hadi tano ya Jet A-1. Shirika letu, ambalo limekuwa likihangaika na madeni kwa miaka, haliwezi kununua hayo kila siku kwa mapenzi ya mazingira peke yake, na nisingelilaumu. Safari moja ya maonyesho inathibitisha kwamba njia ipo, ila kwenye jumla ya mwaka haionekani. Shirika likiendelea kuitaja safari ile ile miaka nenda miaka rudi, liulize kwa upole: na mwaka jana mlijaza lita ngapi?

Ulaya wameamua kulazimisha. Kuanzia 2025, wauzaji wa mafuta kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya wanatakiwa asilimia 2 ya wanachouza iwe mafuta endelevu, 6 ifikapo 2030, na 70 ifikapo 2050. Kwa hiyo utakaporudi kutoka Schiphol, utaratibu huo unakuhusu hata kama hukutia alama popote. Je, yatakuwa kwenye bawa la ndege yako? Pengine, pengine la. Uwanja mkubwa hugawa mafuta kwa mabomba yanayotoka kwenye matangi ya pamoja. Chukulia tangi la maji la ploti: wapangaji wawili wakilipia bauza la maji safi, yakamiminwa kwenye tangi la wote, huwezi kusema kikombe chako ndicho chenye yale maji, lakini tangi zima limepata unafuu uliolipiwa. Cha kuangalia ni daftari, kwamba wapangaji watatu wasidai bauza moja.

Kanuni hizo zina kipengele kingine ambacho mafundi tulikipenda. Mashirika yana tabia ya kujaza mafuta mengi pale yanapouzwa rahisi ili yasinunue kule yanapouzwa ghali. Kubeba mafuta nako kunakula mafuta: kila saa ya safari, kama asilimia 3 ya uzito wa ziada inateketea kwa ajili ya kuubeba tu. Ukibeba tani kumi za kurudia kwa saa nane, zaidi ya tani mbili zimeishia hewani bila kumfikisha mtu popote. Sasa ndege inayoondoka kwenye viwanja hivyo inatakiwa, kwa hesabu ya mwaka, ijaze hapo hapo angalau asilimia 90 ya mafuta inayohitaji.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu upunguzaji mkubwa ambao mashirika ya ndege yamefanya hadi leo haukutokana na mafuta mapya wala na miti. Umetokana na kuunguza mafuta machache, kazi isiyopigiwa picha. Kenya Airways ilipoanza kupokea Dreamliner mwaka 2014 kuchukua nafasi ya Boeing 767, ilipata ndege ambayo mtengenezaji wake anasema inatumia karibu asilimia 20 pungufu. Hakuna kisanduku kwenye tiketi kitakachokupa asilimia 20. Air Tanzania nayo, kwa kuchagua Airbus A220 kwa safari zake za kati na ndege za panga boi, Dash 8, kwa safari fupi, imepunguza hewa chafu kwa kila abiria kuliko ingekuwa na majeti ya zamani, hata kama nia ya kwanza ilikuwa bili ya mafuta. Nia hainisumbui. Mafuta yasiyochomwa hayaulizi kwa nini hayakuchomwa.

Kisha kuna vitu vidogo vya kila siku. Injini inavuta vumbi, na vumbi la Nairobi wakati wa kiangazi mnalijua. Linaganda kwenye mapanga ya kompresa kama masizi kwenye sufuria, injini inalazimika kufanya kazi zaidi kusukuma hewa ile ile. Dawa yake ni kuiosha. Usiku ndege ikiwa imelala, mafundi huizungusha injini kwa stata bila kuiwasha, wanapuliza maji moto kwa mbele, na kwa nyuma yanatoka meusi tititi. Mkirudia hadi yatoke meupe, injini imerudisha sehemu ya nguvu yake, na kwa safari ndefu hata nusu ya asilimia ni mamia ya kilo.

Vilevile ndege ikiwa imeegeshwa huwa inawasha injini ndogo ya mkiani ili taa na kipoza hewa vifanye kazi. Kwenye ndege ya ukubwa wa A320 injini hiyo hula kama kilo 100 za mafuta kwa saa. Uwanja ukiwa na umeme wa kuchomeka ardhini, unaizima. Marubani wakiacha kubeba yale mabegi ya ramani na vitabu na kutumia tableti, kila begi ni kilo kama 16. American Airlines walipofanya hivyo mwaka 2013 walikadiria kuokoa galoni 400,000 kwa mwaka. Na kuna kushuka kwa mteremko mmoja bila kusimama hewani kama ngazi, jambo ambalo rubani hawezi kulifanya peke yake, mwongoza ndege lazima ampe njia. Hapo shirika linamtegemea mtu ambaye si mwajiriwa wake.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Kila ndege ikipunguza asilimia 20 halafu safari zikaongezeka maradufu, anga imepata hasara. Ndiyo maana shirika likikuambia "tumepunguza kwa kila abiria", uliza pia jumla. Tena hewa ukaa si mzigo wote. Ile mistari meupe unayoiona nyuma ya ndege ni barafu iliyojijenga juu ya chembe za masizi, na ikitandaa, hasa usiku, inazuia joto la dunia lisitoke. Watafiti wanakadiria usafiri wa anga unatoa kama asilimia 2.4 ya hewa ukaa ya binadamu, lakini ukijumlisha mistari hiyo na mengineyo mchango wake kwenye ongezeko la joto unafika asilimia 3.5 hivi. Mwaka 2023 Google na American Airlines walijaribu safari 70 ambazo marubani walibadilisha kimo kukwepa tabaka zenye unyevu na baridi kali, na mistari ikapungua kwa asilimia 54, kwa gharama ya mafuta ya ziada ya asilimia 2 kwenye safari hizo. Sehemu hii ya kazi naiona ina matumaini kuliko inavyozungumzwa, na karibu hakuna shirika la kwetu linaloitaja.

Tufike kwenye kisanduku chako. Kufidia kaboni maana yake ndege yako itachoma tani zake zile zile, na pesa yako itampa mtu mwingine mahali pengine ili apunguze kiasi kinacholingana, kwa mfano asikate msitu. Kenya Airways ilianza kuwawekea abiria mpango huo mwaka 2011 chini ya IATA, pesa zikielekezwa mradi wa Kasigau, ukanda wa msitu mkavu kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi. Kasigau ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa kuhifadhi misitu kupata vyeti vya kaboni, yaani hati za kuuza hewa ukaa iliyozuiwa, kwa viwango vya kimataifa viitwavyo VCS. Ni msitu wa kweli.

Ugumu uko kwenye swali hili: msitu huo ungekatwa kweli kama pesa isingekuja? Anayeuza cheti lazima akisie maangamizi ambayo hayakutokea, na akiyakisia makubwa, anapata vyeti vingi zaidi. Januari 2023 magazeti ya The Guardian na Die Zeit pamoja na wanahabari wa SourceMaterial walichapisha uchunguzi uliosema zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya misitu ya mvua walivyovichunguza, vilivyoidhinishwa na shirika la Verra, huenda havikuwakilisha upunguzaji halisi. Verra walipinga mbinu zilizotumika, na mabishano bado yapo. Kinachonishawishi mimi zaidi ni mahakama. Tarehe 20 Machi 2024 Mahakama ya Wilaya ya Amsterdam iliamua kwamba KLM ilipotosha wateja kwa matangazo yake ya mazingira, yakiwemo yaliyowafanya waamini kwamba kuchangia upandaji miti au mafuta endelevu kunafuta athari ya safari yao. Mwezi uliofuata Tume ya Ulaya iliyaandikia mashirika 20 ya ndege kuhusu madai ya aina hiyo.

Kwa hiyo nilipe au nisilipe? Usilipe ukidhani safari yako imefutika, maana haijafutika. Ukipenda kuwachangia watu wa Kasigau au mradi mwingine, changia kama sadaka, na kabla ya hapo soma kama ukurasa unataja jina la mradi, mwaka wa vyeti, na uthibitisho kwamba cheti chako kimefutwa kwenye daftari asije akauziwa mwingine. Vikikosekana hivyo, acha. Kama shirika linakupa nafasi ya kuchangia mafuta endelevu badala ya miti, hiyo naiona ina nguvu zaidi, kwa sababu inagusa mafuta ya ndege zenyewe, ila mgao wako utakuwa lita chache tu kwa bei yake ya sasa. Usichanganye malipo hayo ya hiari na CORSIA, ambayo inalihusu shirika lenyewe: kwa safari za kimataifa kati ya nchi zilizojiunga, Kenya ikiwemo, mashirika yanatakiwa kulipia ongezeko linalozidi asilimia 85 ya kiwango cha mwaka 2019. Hilo hulipi wewe kwa kisanduku.

Kuna mambo uliyo nayo mkononi yanayozidi kisanduku. Nenda moja kwa moja. Ukipitia Dubai kwa sababu tiketi ni rahisi, unaongeza kama kilomita 2,000 na kupaa mara ya pili, na kupaa ndiko kunakokula zaidi. Kaa daraja la kawaida, kwa kuwa kiti cha daraja la juu kinachukua nafasi ya watu wawili au zaidi. Na ukiweza, kaa na dada yako mwezi mzima badala ya kwenda mara mbili kwa wiki mbili mbili. Kuhusu mizigo usijitese. Kilo kumi za ziada kwa safari hiyo zinagharimu kama kilo mbili na nusu za mafuta, yaani kilo nane hivi za hewa ukaa, ukilinganisha na zaidi ya nusu tani yako mwenyewe. Mzazi anahitaji uji, mpelekee unga wa wimbi.

Wala usiende na hatia isiyo yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba asilimia moja tu ya watu duniani ndiyo inayosababisha nusu ya hewa chafu ya ndege za abiria. Mtu anayevuka kwenda kumbeba mtoto wa dada yake si huyo.

Kama ni mwajiri wako angekuwa analipa tiketi na kutaka kuandika kwenye ripoti ya mwaka kwamba safari zenu "hazina kaboni", jibu langu lisingetosha. Hapo anahitajika mkaguzi wa hesabu za gesi joto aketi nanyi na risiti mezani, maana neno hilo kwenye karatasi rasmi linaweza kuwapeleka mahakamani.

Limebaki la mjomba, na kusema kweli ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu wewe ukikosea unapoteza shilingi chache, yeye akikosea anapoteza msimu. Mradi wenyewe si wa kubuni. Eni ilifungua kituo cha kukamua mafuta Makueni mwaka 2022, na mbegu za mbarika, miti ya krotoni na pamba hukamuliwa ili mafuta yapelekwe Gela. Lakini waliofuatilia mwaka 2024 waliripoti uzalishaji ulio chini ya malengo na wakulima waliovunjika moyo kwa mavuno na malipo. Na huu si mwanzo wa hadithi. Tarehe 30 Desemba 2008 Air New Zealand ilijaribu Boeing 747 kwa mafuta ya mbono (jatropha), mbegu zikiwa zimetoka Malawi, Msumbiji na Tanzania, na dunia ikaambiwa mbono unaota penye ukame bila kuhudumiwa. Unaota, ni kweli. Kuzaa mbegu za kutosha bila maji na mbolea ndiko kulikoshindikana. Kule Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji, na mwaka 2011 ikaanguka. Vijiji vikabaki vinadai ardhi na ajira.

Mbarika ina sifa yake: inastahimili ukame kuliko mahindi, na mafuta yake yana soko pia kwenye vilainishi na vipodozi, kwa hiyo mkulima hategemei ndege peke yake. Lakini mbegu zake zina sumu kali, risini. Zikiachwa uani zitaua mbuzi na kuku, na mtoto akitafuna ni mbio za hospitali siku hiyo hiyo, hata kama bado anacheza. Mashudu yake hayalishwi mifugo mpaka yasindikwe kuondoa sumu. Ndengu kwa upande wake inaliwa, inauzwa mjini Wote hata kwa debe moja, na inarudisha rutuba. Tena kung'oa chakula ili kupanda mafuta kunaharibu ile hesabu ya gramu 89 tuliyoanza nayo, kwa sababu ndengu itabidi ikalimwe mahali pengine, pengine kwenye kichaka kitakachofyekwa.

Ningekuwa yeye, ningepanda mbarika kwenye mipaka na kwenye kipande kilichochoka, nikaacha ndengu palipo na udongo mzuri, nikaona msimu mmoja au miwili. Kabla ya kutia sahihi yoyote aende mwenyewe ofisi ya kilimo ya kaunti amwombe afisa ugani aje shambani, aone udongo kwa macho, wala asiridhike na ushauri wa simu. Mkataba ausomewe na mtu asiyelipwa na wakala, awe wakili au viongozi wa chama cha ushirika, na atafute ndani yake bei ya kilo imeandikwa wapi, nani anagharamia mbegu zikikataa kuota, mnunuzi asipokuja baada ya mavuno anadaiwa nini, na kama kuna mstari wowote unaotaja ardhi yenyewe. Ukiwepo huo wa ardhi, asitie sahihi.